Magnesiamu Nane, Oksijeni Tatu

Mtaa mzima ulimwita Mama Pazia, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alishona mapazia. Alishona pia foronya, vitambaa vya meza na, mtu akimbembeleza sana, suruali. Lakini suruali zake zilikuwa na tabia ya kuning'inia kama mapazia, kwa hiyo watu walijifunza kumwacha na kazi yake. Tepu ya kupimia ilikaa shingoni mwake tangu asubuhi mpaka anapovua viatu kulala, ila hakuitumia. Alikuwa akisimama mbele ya dirisha la mteja, anafumba jicho moja, anainamisha kichwa kidogo, kisha anatangaza: "Mita mbili na kitu."

Hicho kitu hakuna mteja aliyewahi kuambiwa ni kiasi gani. Pazia likija refu, Mama Pazia alieleza kwamba mapazia ya siku hizi yanapaswa kulala sakafuni kidogo. Likija fupi, alieleza kwamba ni kwa ajili ya vumbi. Alieleza kwa utulivu mkubwa hivi kwamba watu waliondoka wakijiona washamba kwa kuuliza.

Alikuwa mjane, umri wake umevuka hamsini, na alikuwa na mtoto mmoja tu, mwanaume, dereva wa lori la masafa marefu. Huyu dereva alioa binti mpole kiasi kwamba wiki ya kwanza Mama Pazia alidhani ana maumivu ya koo. Alimtengenezea maji ya moto yenye limau, binti akayanywa, akasema ahsante, akanyamaza tena. Hapo ndipo alipopata jina la Bi Kimya. Mwanzoni lilikuwa jina la utani la mle ndani, baadaye hata muuza mkaa akalitumia.

Wawili hawa waliishi vizuri. Dereva alikuwa barabarani zaidi ya nyumbani, kwa hiyo nyumba ilikuwa yao: chumba cha mbele chenye cherehani na meza ndefu ya kukatia, vyumba viwili vya kulala, na jikoni nyuma penye dirisha la kutazama uani. Hawakuwahi kurushiana neno. Walikuwa na jambo moja tu lililowakera, nalo lilikuwa jikoni.

Mama Pazia alikuwa hawezi kupita karibu na sufuria iliyofunikwa bila kuifunua. Si kwamba alitaka kuonja. Alifunua, akachungulia, mvuke ukampiga usoni, akafunika, akaondoka. Baada ya muda alirudi, akafunua tena. Hakusema kitu, na huko kutosema kitu ndiko kulikomuumiza Bi Kimya, maana ukiwa mkimya, mwenzako akinyamaza unasikia kila neno. Bi Kimya alikuwa amefundishwa kwao kwamba chakula kikishafunikwa kinaachwa kijipike. Kila kifuniko kilipolia alikuwa akikaza meno, anaendelea kukata vitunguu vyembamba, vyembamba zaidi kuliko ilivyohitajika.

Sasa, Bi Kimya alitaka kusomea kazi ya duka la dawa. Chuo kilimwambia vyeti vyake ni vizuri isipokuwa kemia, aliyoifeli shuleni kwa sababu mwalimu wao alihama katikati ya mwaka na hakuletwa mwingine. Arudie kemia, apite, ndipo aje. Katika sekondari ya jirani kulikuwa na madarasa ya watu wazima alasiri, wanafunzi wenyewe wakishaondoka, na Jumamosi asubuhi. Akamwambia mumewe kwa simu. Mumewe akasema vizuri. Akamwambia mama mkwe wake.

"Vizuri sana," alisema Mama Pazia. "Nitakusindikiza."

"Mama, ni hapo tu, nyuma ya posta."

"Ndiyo. Nitakusindikiza mpaka hapo tu."

Alimsindikiza mpaka posta, na mpaka nyuma ya posta, na mpaka lango, na mpaka mlangoni mwa darasa. Halafu jua lilikuwa kali, akasema akae kidogo ndani apumzike. Alichagua dawati la nyuma, akatoa kitambaa cha kudarizi. Siku iliyofuata jua lilikuwa kali vilevile. Wiki ya pili mvua ilinyesha, na yeye akakaa kwa sababu ya mvua.

Mwalimu alikuwa kijana mwembamba aliyejali vipimo mpaka wanafunzi wakamwita Gramu. Alimvumilia yule mama wa nyuma kwa muda. Siku moja aliuliza darasa kwa nini chumvi huyeyuka kwenye maji na mafuta hayayeyuki, na sauti ikatoka nyuma: "Mafuta yana kiburi."

Watu walicheka. Mwalimu hakucheka. Alimwendea, akaweka kalamu juu ya kitambaa chake.

"Mama, hapa hatuna kiti cha wasindikizaji. Ukikaa, unaandika."

Mama Pazia aliitazama ile kalamu kama mtu aliyeombwa kucheza muziki kwenye harusi na ambaye, ukweli ni kwamba, amevaa viatu vya kuchezea. Shule aliiacha kidato cha pili, kwa kuolewa. Hakuwa amewahi kulalamika juu ya hilo, wala hakuwa amewahi kulisahau. Akaandikishwa wiki ileile, somo moja tu, kemia. Mtaani alisema amefanya hivyo ili Bi Kimya asijisikie mpweke.

Kwa hiyo mtu na mama mkwe wake wakawa wanakaa dawati moja.

Mwanzoni ilikuwa raha. Jioni walisafisha meza ya kukatia, wakasukuma vipande vya nguo pembeni, wakaandika zoezi wakiwa upande kwa upande. Mama Pazia alipenda alama za elementi. Alipenda kwamba chuma kinaandikwa Fe na hakuna anayeweza kukuambia kwa nini bila kukupeleka kwa Warumi. Tatizo lilianza walipofika kwenye fomula.

Gramu aliandika ubaoni: chuma gramu saba, oksijeni gramu tatu.

"Hiki ni kitu kimoja, kimeundwa na hivi viwili," alisema. "Tumepima uzito wa kila kimoja ndani yake. Nataka kujua atomi zao zimeungana kwa uwiano gani. Ule uwiano mdogo kabisa, wa namba nzima."

"Saba kwa tatu," alisema Mama Pazia papo hapo.

"Hizo ni gramu, Mama. Nimesema atomi. Ukiwa na kilo ya maboga na kilo ya ndimu, maboga ni mangapi?"

"Moja. Tena dogo."

"Na ndimu?"

"Ndimu tele."

"Atomi ya chuma ndiyo boga. Uzito wake ni hamsini na sita. Ya oksijeni ni kumi na sita. Gawanya gramu za kila mmoja kwa uzito wake mwenyewe, ndipo upate hesabu ya vichwa."

"Ungesema maboga tangu mwanzo," alisema Mama Pazia, akaandika.

Saba kwa hamsini na sita ikawa 0.125. Tatu kwa kumi na sita ikawa 0.1875. Kisha mwalimu akasema wote wagawanywe kwa aliye mdogo, 0.125, ili huyo mdogo awe moja na tuone mwenzake amemzidi mara ngapi. Chuma, moja. Oksijeni, moja na nusu. Kengele ikalia, mwalimu akawaambia wamalizie nyumbani.

Mama Pazia alimaliza kabla hajavua viatu. Aliandika FeO₂, akapiga mstari chini yake, akaenda kuwasha taa. Bi Kimya alichungulia daftari la mwenzake.

"Mama, hii mbili imetoka wapi?"

"Kwenye moja na nusu. Atomi haikatwi nusu, mwalimu kasema. Nimeikamilisha."

"Hatukamilishi. Tunazidisha wote kwa mbili. Moja inakuwa mbili, moja na nusu inakuwa tatu. Chuma mbili, oksijeni tatu."

"Wote? Hata chuma ambaye hakuwa na nusu?"

"Hata chuma."

"Kosa lake nini?"

"Hana kosa, Mama. Ila ukimwongezea oksijeni peke yake, umempa kitu ambacho hakuja nacho."

Mama Pazia alifikiri. Maisha yake yote alikuwa akiongeza nusu mita hapa, akipunguza robo pale, na madirisha ya watu yalifunikwa. Alifuta ile mbili taratibu, kwa masikitiko, kama mtu anayerudisha zawadi.

"Hii kemia ina roho ngumu," alisema. Lakini tangu siku hiyo hakukamilisha tena namba yoyote. Alizidisha. Alizidisha hata pale pasipohitajika.

Kisha ikaja Jumamosi ya jaribio. Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye meza za mbao zilizoungua hapa na pale, majiko madogo ya gesi, na mizani moja ya umeme iliyowekwa mbali na dirisha ili upepo usiisumbue. Kila dawati lilipewa utepe wa magnesiamu, metali nyepesi inayong'aa, na kibakuli kidogo cha kauri chenye kifuniko. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Unapima magnesiamu. Unaichoma ndani ya kibakuli mpaka inageuka unga mweupe. Unapima tena. Uzito ulioongezeka ni oksijeni iliyoingia kutoka hewani. Baada ya hapo ni maboga na ndimu.

"Ikiwaka hutoa moshi mweupe," Gramu alionya. "Ule moshi ndio mali yenu. Ukitoka, umepotea."

Bi Kimya alipima: gramu 0.24. Mama Pazia, kwa kuwa ni mkubwa, alishika koleo la kushikia kifuniko. Walifunika, wakawasha jiko, kitako cha kibakuli kikaanza kuwa chekundu.

Mbele ya mwanamke yule sasa kulikuwa na kitu kinachopikwa, nacho kimefunikwa.

Alijitahidi. Watu waliokuwepo wanasema alijitahidi kweli, alitazama dari, alitazama bango la jedwali la elementi. Kisha mkono ukaenda wenyewe. Kifuniko kikalia, mwanga mkali ukaruka, moshi mweupe ukapanda mpaka kwenye balbu. Akafunika. Hazikupita pumzi mbili, akafunua tena, pana zaidi, akachungulia ndani kama anayetazama iwapo maji yamekauka.

"Mama," alisema Bi Kimya.

"Naangalia tu."

Akafunua mara nyingine.

"Mama! Acha hicho kifuniko!"

Sauti ile ilikuwa kubwa. Ilikuwa na miezi mingi ndani yake, na sufuria nyingi. Mlinzi wa benki aliyekaa dawati la mbele aliangusha penseli, na hakuna aliyeiokota. Mkamwana amempigia kelele mama mkwe wake, hadharani, mbele ya mwalimu. Bi Kimya mwenyewe aliziba mdomo, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Mama Pazia aliweka koleo mezani, polepole sana, akalisogeza kwa vidole viwili mpaka upande wa pili.

"Samahani," alisema. "Sikujua kama nakusumbua."

Hata hivyo jaribio lilibidi limalizwe, na ndipo hesabu ikafanywa kwa adabu ya kutisha. "Naomba rula." "Chukua tu." "Ahsante." "Karibu." Unga ulipoa, wakaupima: gramu 0.30. Oksijeni iliyoingia ikawa 0.06. Wakagawanya. Magnesiamu kwa ishirini na nne, oksijeni kwa kumi na sita. Wakagawanya tena kwa aliye mdogo, magnesiamu ikatoka mbili nukta sita na ushee. Hawakukamilisha, walizidisha kwa tatu, kama walivyofunzwa. Wakapeleka jibu: magnesiamu nane, oksijeni tatu.

Gramu alilisoma mara mbili.

"Hesabu hii haina kosa hata moja," alisema. "Mmeifanya vizuri kuliko wote humu. Ila kitu hiki hakipo duniani."

"Labda hakijagunduliwa," alisema Mama Pazia kwa sauti ndogo.

"Oksijeni mliyonayo ni kidogo mno, kwa sababu sehemu kubwa ya unga wenu iko juu ya balbu ile. Mtarudia Jumamosi ijayo."

Walirudi nyumbani kwa njia ileile, Mama Pazia mbele, Bi Kimya nyuma, na kati yao nafasi ya kutosha kupitisha mkokoteni.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwa namna isiyoelezeka kwa mtu wa nje, maana hakukuwa na ugomvi. Mama Pazia hakuingia jikoni. Chakula kilipoletwa alikula chote, akasema, "Ahsante, mwanangu, umepika vizuri," kama mgeni aliyeshuka basi. Bi Kimya aliomba radhi jioni ileile, akiwa amepiga magoti kando ya cherehani. Alijibiwa, "Kwani kuna nini? Mbona hakuna kitu," na cherehani ikaendelea kukimbia. Aliomba tena kesho yake. Akajibiwa hivyohivyo, kwa upole zaidi, na ule upole ulikuwa mbaya kuliko matusi.

Halafu maharage yaliungua. Bi Kimya alikuwa uani anasoma, amezama kwenye kitabu, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakukuwa na mtu wa kupita na kufunua sufuria. Harufu ilitoka jikoni, ikapita chumbani, ikafika kwenye meza ya kukatia. Mama Pazia aliisikia. Aliendelea kukanyaga pedali. Harufu ikaingia kwa jirani, jirani akaja mbio. Bi Kimya alipofika jikoni, maharage yalikuwa yameshikamana na sufuria kama lami.

"Mama, hukusikia harufu?"

"Niliisikia," alisema Mama Pazia, akikata uzi kwa meno. "Nilidhani ni mapishi mapya."

Dereva alirudi katikati ya haya yote, amechoka, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuta nyumba safi, wanawake wawili wanaoongea kwa heshima iliyopita kiasi, na sufuria iliyolowekwa uani. Hakuwa mjinga. Alianza na mama yake.

"Mama, yule ni kama binti yako. Kama kuna jambo..."

"Umekula?"

"Bado, lakini nilikuwa nasema..."

"Kale."

Akaenda kwa mkewe.

"Mama yangu ana umri, unajua. Kama kuna kitu amekukosea..."

Bi Kimya alimkazia macho mpaka dereva wa watu akasogea nyuma.

"Usiingilie mambo ya maabara," alisema, na dereva akaenda kula. Asubuhi aliondoka na lori lake mapema kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi ilifika. Safari hii koleo alishika Bi Kimya, bila mtu kumpa. Mama Pazia alivua tepu shingoni, akajiviringishia vidoleni, mkono wa kulia na wa kushoto pamoja, akaiweka mikono yake mapajani kama mfungwa wa hiari. Kibakuli kikafunikwa. Jiko likawashwa. Bi Kimya hakugusa kifuniko. Kitako kikawa chekundu, kikakaa chekundu, madawati mengine yakaanza kupoza vibakuli vyao, yeye akaendelea kukibana kifuniko kwa koleo kana kwamba kuna kitu ndani kinataka kukimbia. Hakuna moshi hata wa kuchafua leso uliotoka.

Walipopima, ile 0.24 ilikuwa imefika 0.32. Oksijeni 0.08. Wakagawanya, wakagawanya tena. Magnesiamu mbili, oksijeni moja.

Bi Kimya aliitazama ile hesabu. Akaipitia upya. Akamwita mwalimu, na sauti yake ilikuwa imerudi ndogo.

Gramu aliinama, akachokoa ule unga kwa ncha ya kalamu. Katikati yake kulikuwa na vipande vidogo vinavyong'aa.

"Hii hapa ni magnesiamu ambayo haijaungua," alisema. "Moto bila hewa haupati oksijeni. Mliziba mno."

"Lakini ulisema moshi usitoke."

"Nilisema moshi usitoke. Sikusema hewa isiingie. Kifuniko kinainuliwa ukingoni tu, kidogo, mara chache, kisha kinarudishwa."

Akaenda zake. Bi Kimya alibaki amekodolea macho vile vipande. Kando yake Mama Pazia alikuwa ameuma midomo kwa nguvu kiasi kwamba kidevu kilikunjamana. Alitazama jedwali la elementi. Alisoma, au alijifanya kusoma, kuanzia hidrojeni.

"Mama," alisema Bi Kimya.

"Mimi sijasema kitu."

"Ndiyo, Mama. Nimekusikia."

Aliyeanza kucheka ni Bi Kimya, na hakuna mle ndani aliyekuwa amewahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko kizito, cha mtu mnene, kimetoka kwenye mwili mwembamba ule. Mama Pazia alitaka kujiziba uso, akakuta mikono yake imefungwa kwa tepu, na hilo likawamaliza wote wawili. Mlinzi wa benki aligeuka kuuliza kuna nini, wakashindwa kumweleza.

Walipotulia, wakasubiri kibakuli kipoe ili kisafishwe kwa jaribio la tatu. Bi Kimya alikuwa anamfungua ile tepu.

"Mama, hivi huwa unatafuta nini kwenye sufuria zangu?"

Mama Pazia alinyoosha vidole vilivyokuwa vimefungwa.

"Baba mkwe wako alikuwa akiingia tu, kabla hajavua kofia, anauliza leo tunakula nini. Nilikuwa naenda kufunua ili nimwambie. Miaka yote. Sasa hakuna anayeuliza, miguu inanipeleka tu." Alijifuta jicho kwa ncha ya kanga. "Halafu wewe chumvi huweki."

"Naweka, Mama."

"Unaionyesha sufuria chumvi, kisha unairudisha kabatini."

Jaribio la tatu walilifanya pamoja. Bi Kimya alishika koleo, Mama Pazia alisema lini. "Sasa," alisema, ukingo ukainuka kama kope la mtu anayejifanya amelala, mwanga ukachungulia, na "rudisha," kikarudi. Mkono wa mmoja uliguswa na mkono wa mwingine kila mara, kuzuia au kuhimiza. Mwishoni kulikuwa na unga mweupe mtupu. Wakapima: 0.39. Oksijeni 0.15.

Hapo ndipo palipozuka mabishano mapya, safari hii ya kirafiki, ingawa yalisikika mpaka uwanjani. Magnesiamu ilitoka moja nukta sifuri saba kwa oksijeni moja. Bi Kimya akaandika moja kwa moja: MgO. Mama Pazia alizuia kalamu.

"Na hiyo sifuri saba?"

"Tunaiacha, Mama."

"Unaiacha! Wewe uliyeninyima nusu ya oksijeni mezani kwangu? Nimeshapiga hesabu. Tukizidisha kwa kumi na tano inakuwa nzima. Magnesiamu kumi na sita, oksijeni kumi na tano."

Walimwita mwalimu. Gramu alisikiliza pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza wakamwona anatabasamu.

"Mama una haki ya kuuliza," alisema. "Ile moja na nusu ya chuma ni neno la chuma chenyewe. Hii sifuri saba ni mkono uliotetemeka, moshi uliochungulia ukatoroka."

"Nitazijuaje? Zote si zimeandikwa kwa kalamu moja?"

"Rudia. Uliza na wenzako. Kosa huhamahama, ukweli unaukuta palepale."

Mama Pazia hakuwa mtu wa kuambiwa tu. Alizunguka maabara nzima, dawati kwa dawati, miwani puani, akiwauliza watu wamepata ngapi. Mmoja alikuwa na 0.96. Mlinzi wa benki alikuwa na 1.1 na maelezo marefu. Fundi magari mmoja alikuwa na 1.03. Zote zilizunguka moja kama nzi kwenye kikombe, hakuna iliyotua mahali pengine. Alirudi, akakaa, akafuta kumi na sita yake na kumi na tano yake.

"Haya," alisema. "Ila nimejiridhisha mwenyewe."

Mtihani ulikuja wakati wa joto. Swali moja lilitoa gesi iliyoundwa na kaboni gramu 0.90 na hidrojeni gramu 0.20. Mama Pazia alifanya kila hatua kwa makini, akazidisha kwa tatu, na jibu likatoka: kaboni tatu, hidrojeni nane. Alipoiona ile tatu na ile nane zimesimama tena mbele yake, jasho lilimtoka. Alidhani laana ya balbu imemfuata. Alifuta. Akaanza upya, akapata palepale. Akatazama dirishani, akafumba jicho moja kwa mazoea, akalifumbua. Mwishowe akaandika C₃H₈ kwa herufi kubwa, akaweka kalamu chini kabla hajabadili mawazo.

Nje, alimkamata Bi Kimya mkono hata kabla hajapumua.

"Ile gesi. Umepata ngapi?"

"Tatu kwa nane, Mama."

Mama Pazia alikaa kwenye ngazi ya shule, pale pale, mbele za watu.

Matokeo yalipotoka Bi Kimya alikuwa na B, na chuo kikampokea bila neno. Mama Pazia alikuwa na D. Aliuliza kama D ni kufaulu, akaambiwa ni kufaulu, na mtaani alitangaza, "Tumefaulu," bila kuingia kwenye herufi. Cheti kilipofika alikishonea kifuko cha kitambaa cha pazia. Kilikuwa kikubwa kidogo kuliko cheti.

Dereva alikuwepo jioni ile. Waliandaa chakula cha kusherehekea, wakala mezani kwenye chumba cha mbele, na mazungumzo yakaanza juu ya chuo, yakaingia kwenye dawa, yakaingia kwenye fomula za dawa. Dereva alikula, akasikiliza, akageuza kichwa huku na huku. Hatimaye akauliza, kwa nia njema kabisa, hii fomula yenyewe ni kitu gani.

Walianza kumjibu wote wawili kwa pamoja. Mmoja alianza na chuma, mwingine na maboga. Mama yake alichukua kijiko kuwa atomi, mkewe akakitwaa akasema hapana, Mama, kijiko ni kizito, tumpe chumvi. Wakabishana juu ya kijiko. Dereva aliwatazama kwa muda, akakusanya sahani tatu, akaenda kuziosha.